Sonona: ugonjwa ambao kipimo chake ni swali

Katika zahanati nyingi za Tanzania, mgonjwa wa sonona haji akisema ana huzuni. Anakuja akisema kichwa kinauma, mgongo unawaka moto, mwili hauna nguvu, moyo unaenda mbio, usingizi hauji. Anapimwa malaria, haipo. Anapimwa mkojo, presha na sukari, vyote viko sawa. Anapewa panadol na vitamini, anarudi nyumbani, na baada ya wiki chache yuko tena kwenye benchi la kusubiria. Akirudi mara kadhaa, wahudumu wanamzoea, na nyumbani wanaanza kusema anajidekeza.

Mtu huyu haigizi. Maumivu anayoyasikia ni ya kweli, kwa sababu sonona huushika mwili kama inavyoushika moyo. Huvuruga usingizi, hamu ya chakula, nguvu za kufanya kazi, na hata namna ubongo unavyopokea maumivu. Anakosa tiba kwa sababu ugonjwa wake hauonekani kwenye damu wala kwenye picha ya eksirei. Kipimo chake ni swali, na katika safari zote hizo za zahanati hakuna aliyemuuliza.

Nataka kueleza hapa maswali hayo ni yapi, nani anaweza kuyauliza, na jibu likishapatikana msaada uko wapi. Naamini watu wetu wengi wanaumia miaka na mikaka kwa ugonjwa unaotibika, na wanaoweza kuugundua wanaishi nao nyumba moja.

Walipoulizwa, walijibu

Kuna wakati ilidaiwa kwamba Waafrika hawaugui sonona, au wanaiugua kwa nadra sana. Daktari J. C. Carothers, aliyeiongoza hospitali ya wagonjwa wa akili ya Mathari, Nairobi, kuanzia mwaka 1938, alikuwa mmoja wa waliolisema hilo kwa maandishi. Mwaka 1953 Shirika la Afya Duniani likachapisha kitabu chake kuhusu akili ya Mwafrika, na dai hilo likapata nguvu ya kitaalamu. Lakini daktari huyo alikuwa akiwatazama waliofikishwa Mathari, na enzi zile aliyefikishwa huko mara nyingi alikuwa mtu ambaye ndugu au polisi wameshindwa kukaa naye. Mama aliyejifungia chumbani akilia usiku hakumsumbua mtu yeyote, kwa hiyo hakuna aliyempeleka hospitali ya serikali ya kikoloni, na hakuingia kwenye hesabu.

Katika miaka ya 1970 watafiti John Orley na John Wing walifanya kazi kwa njia nyingine. Walikwenda katika vijiji viwili vya Uganda wakiwa na maswali yaliyopangwa, wakawauliza wanakijiji wenyewe. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1979, yalionyesha kwamba sonona ilikuwa imeenea zaidi katika vijiji vile kuliko miongoni mwa wanawake wa Camberwell, mtaa wa London, waliolinganishwa nao. Ugonjwa ulikuwepo siku zote ambazo wataalamu walikuwa wakisema haupo.

Nalitaja jambo hili la zamani kwa sababu kosa lile bado linaendelea katika majumba yetu. Tunamwona mgonjwa wa akili pale tu anapopiga kelele, anapovunja vitu au anapozungumza peke yake barabarani. Anayenyamaza tunasema ametulia. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 280 duniani wana sonona, na kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati zaidi ya asilimia 75 ya wenye maradhi ya akili hawapati tiba yoyote. Wengi wa hao ni watulivu wa namna hiyo.

Maswali tisa, wiki mbili

Dodoso linalotumika sana duniani kutambua sonona linaitwa PHQ-9. Lilitungwa mwaka 1999 na Robert Spitzer, Janet Williams na Kurt Kroenke wa Marekani, na tafsiri zake za Kiswahili zimejaribiwa na watafiti Kenya na Tanzania. Lina maswali tisa kuhusu wiki mbili zilizopita. Kila swali hupewa alama: 0 kama jambo hilo halijatokea kabisa, 1 kama limetokea siku kadhaa, 2 kama limetokea zaidi ya nusu ya siku hizo, na 3 kama linatokea karibu kila siku. Jumla ya juu kabisa ni 27. Anayefika 10 anapaswa kuonwa na mtaalamu, na anayefika 20 yuko katika hali kali.

Maswali mawili ya kwanza ndiyo yenye uzito. La kwanza linauliza kama umekosa hamu au raha katika mambo. La pili linauliza kama unajisikia mwenye huzuni, mnyonge au uliyekata tamaa. Daktari hawezi kusema una sonona kama yote mawili hayapo. Lazima angalau moja liwepo, na kwa jumla dalili tano kati ya tisa ziwepo karibu kila siku kwa muda wa wiki mbili, kiasi cha kuvuruga kazi, masomo au maisha ya nyumbani.

Watu wengi hulikumbuka swali la huzuni na kulisahau lile la hamu, na hapo ndipo wagonjwa wengi wanapotuponyoka. Aliyepoteza hamu si lazima alie. Ni fundi ambaye alikuwa hakosi mechi ya timu yake, sasa timu inacheza na hajui hata matokeo. Ni mama aliyekuwa wa kwanza kufika kwenye kikao cha kikoba, sasa anatuma hela yake kwa jirani na kusema ana udhuru. Ni mwanakwaya anayekwenda mazoezini kwa mazoea, anaimba, na ndani yake hakuna kinachojibu. Ukimuuliza ana huzuni atasema hapana, na atakuwa anasema kweli, maana anachohisi ni utupu.

Maswali saba yanayobaki hufuata mwili na fikra. Usingizi: je, humjia, au anaamka saa tisa usiku na kukodoa macho hadi adhana ya alfajiri? Wengine hulala kupita kiasi na bado huamka wamechoka. Nguvu: je, kuoga tu au kufua nguo mbili kunamchosha kama aliyelima ekari? Chakula: amepungua bila sababu, au anakula mfululizo bila kuwa na njaa? Kujilaumu: anajiona mzigo, mtu asiyefaa, aliyewaangusha wanawe? Umakini: anasoma ujumbe wa simu mara tatu hauingii, anakosea chenji dukani? Mwendo: amekuwa mzito wa kusema na kutembea hadi wengine wameona, au hatulii mahali pamoja? Na la mwisho: amefikiria kwamba afadhali afe, au amefikiria kujidhuru? Kwa swali hili la tisa hatusubiri jumla. Jibu lolote lililo juu ya 0 linataka mazungumzo siku hiyohiyo.

Majibu haya hayatoshi kuwa hukumu. Upungufu wa damu, matatizo ya tezi ya thairoidi na baadhi ya dawa huweza kuleta uchovu na unyonge unaofanana na sonona, ndiyo maana vipimo vya kawaida navyo vinahitajika. Aidha, kama mtu amewahi kupitia siku za kuchangamka kupita kiasi, akalala saa mbili tu kwa usiku bila kuchoka, akatapanya fedha na kuongea bila kituo, lazima daktari aambiwe. Huo unaweza kuwa ugonjwa mwingine wa hisia, na dawa za sonona zikitumika peke yake zinaweza kuuchochea.

Msiba, shida na sonona

Swali la haki ambalo watu huuliza ni hili: maisha yenyewe ni magumu, sasa nani asiye na huzuni? Tutatofautishaje?

Mwenye msongo wa mawazo hulegea pale sababu inapoondoka. Ada ikilipwa, usingizi unarudi. Kodi ya nyumba ikipatikana, chakula kinapita. Mwenye sonona ada imelipwa na usingizi haukurudi. Mfiwa naye huzuni yake huja kwa vipindi: analia mchana, na jioni anacheka ndugu wanapokumbushana vituko vya marehemu, na hata katika uchungu wake hajidharau. Katika sonona huzuni inakaa, na inamgeukia mwenyewe: mimi ndiye sababu, mimi sifai, mimi ni mzigo. Hata hivyo mambo haya yanaweza kuungana. Msiba wa muda mrefu unaweza kuwa sonona, na deni la mikopo ya riba kubwa, ile ya kausha damu, linaweza kuanza kama msongo na kumalizikia kitandani. Ndiyo maana tunahesabu wiki mbili na kuangalia kama mtu bado anaweza kuendesha siku yake.

Kwa nini huyu na si yule? Hakuna sababu moja. Urithi wa ukoo una sehemu yake, pia mateso ya utotoni, vipigo vya ndoa, umaskini, upweke, ulevi na maradhi sugu. Udhaifu wa imani haumo katika orodha hiyo. Watu wa ibada, wa swala tano na wa misa ya asubuhi, huugua sonona kama wanavyougua malaria, na kuwaambia kwamba wangesali vizuri wasingeugua ni kuwaongezea hatia juu ya ugonjwa ambao tayari umejaa hatia.

Inakojificha zaidi

Inajificha kwanza kwa mama aliyejifungua. Siku chache baada ya kuzaa, wanawake wengi hulia ovyo na kubadilika hisia, na hali hiyo huisha yenyewe ndani ya wiki mbili. Isipoisha, au ikianza baadaye, inahitaji kuangaliwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika nchi zinazoendelea karibu mwanamke mmoja kati ya watano hupata maradhi ya akili baada ya kujifungua, hasa sonona. Dodoso la Edinburgh la maswali kumi, lililochapishwa mwaka 1987, lilitungwa kwa ajili ya akina mama hawa. Mmoja wa watungaji wake, John Cox, alikuwa amekwisha kufanya utafiti juu ya wanawake wajawazito nchini Uganda kabla ya kulitunga. Lakini mara nyingi kliniki zetu humpima mtoto uzito, zikajaza kadi, na mama akaondoka bila mtu kumuuliza analalaje. Naye hathubutu kusema, kwa kuogopa kuambiwa hampendi mwanawe.

Inajificha pia kwa mwanaume. Tangu utotoni ameambiwa ajikaze, kwa hiyo huzuni yake hutoka kwa mlango wa hasira: anafoka kwa jambo dogo, anachelewa kurudi, anakunywa kuliko zamani, anazamia kwenye kubeti. Takwimu za dunia zinaonyesha wanawake wanaugua sonona zaidi ya wanaume kwa takriban nusu, ilhali wanaume wanakufa kwa kujiua zaidi ya mara mbili ya wanawake. Hesabu hizo mbili zikiwekwa pamoja zinatuambia kwamba kuna wanaume wengi ambao hakuna aliyewauliza.

Kwa kijana dalili huwa kununa, alama kushuka, kujifungia chumbani na kuacha marafiki. Kwa mzee huwa usahaulifu na malalamiko ya mwili ambayo watu huyahesabu kuwa uzee. Kwa anayeishi na virusi vya ukimwi, kifua kikuu au kisukari, sonona humfanya aache dawa, kisha ugonjwa wa kwanza nao unazidi. Huko Dar es Salaam, Sylvia Kaaya na wenzake walichapisha mwaka 2002 utafiti uliopima kama maswali ya aina hii yanaweza kutambua sonona kwa wajawazito wanaoishi na virusi vya ukimwi. Tangu wakati huo hatuna kisingizio cha kusema maswali haya ni ya Wazungu tu.

Namna ya kuuliza nyumbani

Huhitaji kuwa daktari ili uanze. Tafuta wakati ambapo mko wawili na hakuna haraka: mnapochambua mchele, mnapotembea kutoka shambani, mnapokuwa njiani kwenye gari. Anza na ulichokiona, usianze na ulichohitimisha. "Dada, naona wiki hizi huli, na jana usiku nilikusikia ukitembea. Kuna nini?" Au kwa mwanaume: "Kaka, kijiweni hatukuoni siku hizi, na ukija hucheki. Unaendeleaje kweli?" Kisha nyamaza. Ukimya wako ndio unaompa nafasi, maana jibu la kwanza karibu kila mara huwa "Niko poa," na la kweli huja baadaye, pengine siku ya pili.

Akianza kusema, usimkatize kwa mfano wa aliyepata makubwa zaidi. Usimwambie ajikaze, amekuwa akijikaza muda wote huo na ndiyo maana amechoka. Usimkemee kwa kukosa shukrani. Mwambie tu kwamba umesikia, kwamba hali hii inajulikana, na kwamba ina tiba. Kisha fanya jambo linaloonekana: mchukulie watoto kwa saa mbili, mpikie, mkumbushe kuoga, mtolee nauli ya hospitali na mwende pamoja. Anayeugua sonona anaweza kuwa anajua aende wapi, akashindwa kunyanyuka.

Swali gumu kuliko yote ni la kifo, na wengi hulikwepa wakiogopa kwamba wakilitaja watampa mgonjwa wazo. Wataalamu wanakubaliana kwamba sivyo. Kumuuliza mtu waziwazi hakumpandikizii wazo la kujiua, na mara nyingi humpunguzia mzigo alioubeba peke yake. Uliza kwa maneno yasiyo na kona: "Umefika mahali pa kuona bora usingekuwepo? Umefikiria kujiua?" Akikubali, muulize kama amepanga namna au siku. Akiwa na mpango, asiachwe peke yake hata kidogo. Ondoa karibu naye vitu anavyoweza kujidhuru navyo, mwite ndugu mwingine mmoja anayemwamini, na mpelekeni hospitali siku hiyo, kama ambavyo mngempeleka mwenye kifua kilichobana.

Familia nyingi zimekuwa zikificha majaribio ya kujiua kwa aibu na kwa kuogopa polisi, kwa kuwa sheria zilizorithiwa kutoka kwa mkoloni zililihesabu jaribio hilo kuwa kosa. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu cha 226 cha sheria ya adhabu, kilichomfanya aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kinakiuka katiba. Ni hatua kubwa. Aliyefika ukingoni anahitaji muuguzi, na ndugu zake wanahitaji kumleta bila kutetemeka.

Msaada ulipo

Anza na kituo cha afya kilicho karibu. Ukifika, usiishie kwenye kichwa na mgongo. Sema yote: "Wiki tatu sasa silali, sina hamu ya kitu chochote, na nimeanza kufikiria kifo." Sentensi kama hiyo humbadilishia afisa tabibu njia ya kukuhudumia. Kama hapo hawana uwezo, omba rufaa kwenda hospitali ya wilaya au ya mkoa. Juu yake kuna idara ya magonjwa ya akili ya Muhimbili, hospitali ya Mirembe mjini Dodoma na Kidongo Chekundu kwa Zanzibar. Kenya kuna Mathari na Uganda kuna Butabika. Nchini Kenya, simu 1199 ya Msalaba Mwekundu hutoa ushauri bila malipo. Tanzania ina 199 ya Wizara ya Afya kwa maswali ya afya, na 116 kwa ajili ya watoto.

Jina la Mirembe, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1927, limegeuzwa tusi la mitaani, na woga wa tusi hilo huwazuia watu kutafuta tiba. Basi na ieleweke: wagonjwa wengi wa sonona hawalazwi popote. Wanatibiwa wakitoka nyumbani kwao, kwa mazungumzo, kwa vidonge, au kwa vyote viwili.

Vidonge vinavyojulikana zaidi katika hospitali za umma ni amitriptilini na fluoksetini, na vyote viwili vimewahi kuwekwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha ya dawa muhimu. Havifanyi kazi siku ileile. Nafuu huanza kuonekana baada ya wiki mbili hadi nne, wakati maudhi kama kinywa kukauka, usingizi au kichefuchefu huja mapema. Wengi huacha hapo katikati, kabla ya nafuu kufika, kisha wanasema dawa haikuwasaidia. Wengine huacha siku wanapojisikia vizuri, na ugonjwa unarudi. Tiba huendelea kwa miezi kadhaa baada ya nafuu, isiyopungua sita, na huachwa taratibu kwa maelekezo ya daktari. Dawa hizi hazimfanyi mtu kuwa teja. Valiamu, ambayo baadhi ya watu hujinunulia ili wapate usingizi, haiponyi sonona na ndiyo inayoweza kumzoeza mtu hadi ashindwe kuiacha.

Upande wa mazungumzo, Afrika imeufundisha ulimwengu. Mwaka 2003 Paul Bolton na wenzake walitoa matokeo ya utafiti uliofanywa katika vijiji 30 vya Masaka na Rakai, kusini mwa Uganda, eneo lililokuwa limeumizwa sana na ukimwi. Watu wenye sonona walikutana katika vikundi, wanaume peke yao na wanawake peke yao, mara moja kwa wiki kwa dakika 90, kwa wiki 16. Waliowaongoza walikuwa wenyeji waliofundishwa kwa wiki mbili tu. Walizungumza juu ya msiba, migogoro na watu wa karibu, na mabadiliko makubwa ya maisha, wakisaidiana kutafuta njia. Mwishoni, katika vijiji vilivyokuwa na vikundi, asilimia 6.5 tu ndio waliokuwa bado na sonona. Katika vijiji visivyokuwa navyo walibaki asilimia 54.7.

Zimbabwe nako, daktari wa akili Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 na bibi 14 wa Mbare, Harare. Aliwafundisha kukaa na wagonjwa kwenye benchi la mbao nje ya zahanati. Bibi husikiliza, kisha humsaidia mgonjwa kuorodhesha matatizo yake, kuchagua moja tu, na kupanga hatua ndogo atakayoifanya kabla ya kurudi. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016, uliofanywa katika zahanati 24 za Harare, ulionyesha kwamba baada ya miezi sita wenye dalili za sonona walikuwa asilimia 13.7 kwa waliokaa na wahudumu hao, na asilimia 49.9 kwa waliopata huduma ya kawaida. Mpango huo umevuka hadi Malawi na Zanzibar. Na Nairobi, wanawake waliopitia ukatili walipata nafuu baada ya vikao vitano tu na wahudumu wa afya wa jamii waliofundishwa, kama utafiti wa mwaka 2017 ulivyoonyesha.

Tazama kilicho sawa katika sehemu zote tatu. Hapakuwa na mashine wala profesa. Palikuwa na mtu wa jirani aliyefundishwa kuuliza, kunyamaza, kusikiliza na kumrudisha mgonjwa wiki inayofuata. Watu wa namna hiyo tunao tayari: wahudumu wa afya ngazi ya jamii, akina mama wa vikoba, wazee wa mitaa, walimu wa malezi.

Tunao pia mashekhe, wachungaji na waganga wa tiba asili, ambao kwa wagonjwa wengi ndio kituo cha kwanza. Sioni faida ya kupigana nao. Dua na kisomo humpa mgonjwa faraja na watu wa kumzunguka, na hiyo ni sehemu ya kupona. Ninachokiomba kwao ni mambo matatu: wasimfunge wala kumpiga mgonjwa, wasimwambie aache dawa, na wakisikia habari ya kutaka kufa wampeleke hospitali siku hiyo. Kiongozi wa dini akisema mimbarani kwamba sonona ni ugonjwa, anafungua milango ambayo tangazo la wizara haliwezi kuifungua.

Mgonjwa mwenyewe naye ana kazi yake, na ni ndogo kwa makusudi. Asisubiri hamu irudi ndipo afanye jambo. Afanye jambo dogo ili hamu ifuate. Atoke nje asubuhi, atembee hadi dukani, afue nguo moja, apunguze pombe, alale na kuamka saa zilezile. Na akipona ajue kwamba ugonjwa huu hurudi kwa watu wengi, azijue dalili zake za mwanzo, na amweleze mtu mmoja wa nyumbani ili amkumbushe mapema.

Tudai swali liulizwe

Zamani kila homa ilikuwa malaria. Kipimo cha haraka kilipofika hadi zahanati za vijijini, tuliacha kubahatisha, na tukagundua wangapi walikuwa wakimeza dawa za ugonjwa wasiokuwa nao. Maswali ya sonona yanaweza kufanya kazi hiyohiyo kwa gharama ndogo zaidi, kwani yanataka karatasi moja na dakika chache. Yaulizwe kwa kila mama anayeleta mtoto kliniki, kwa kila anayechukua dawa za virusi vya ukimwi au kisukari, na kwa kila mgonjwa anayerudi mara kwa mara na maumivu yasiyo na jina. Anayeuliza awe na mahali pa kumpeleka aliyejibu ndiyo, na vidonge viwepo stoo. Tanzania ina Sheria ya Afya ya Akili tangu mwaka 2008. Kenya iliunda jopo kazi lililopendekeza mwaka 2020 kwamba maradhi ya akili yatangazwe kuwa dharura ya taifa. Maandishi tunayo, tunayoyadai ni matendo katika chumba cha afisa tabibu.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio humuumbua. Kwa sonona, mara nyingi mgonjwa hafichi. Amekuja mara nyingi na kichwa chake kinachouma, akingoja kuulizwa. Kama mtu huyo ni wewe, chukua maswali tisa yaliyoelezwa hapa, jihesabie alama kwa ukweli, na ukifika 10 nenda kituo cha afya wiki hii pamoja na mtu unayemwamini. Kama jibu la swali la tisa ni zaidi ya 0, usisubiri wiki. Mwambie mtu leo na mwende. Na kama ni ndugu yako, jirani yako au mfanyakazi mwenzako, muulize wewe, na utakapokuwa umemuuliza, kaa naye mpaka ajibu.